Ethi ya simu ya nyumbani

Ethi ya simu ya nyumbani ni waya unaounganisha kikinga radi cha laini ya simu na ardhi, ili umeme mkali unaoingia kwa nyaya za nje uishie kwenye udongo badala ya kupita ndani ya vyombo au mwilini mwa mtu. Inahusu simu za mezani zinazoletwa kwa nyaya za shaba, modemu za intaneti zinazotumia nyaya hizohizo, na swichibodi ndogo ambazo shule, misheni na nyumba za wageni hutumia kupigiana simu kutoka jengo hadi jengo. Simu ya mkononi isiyochomekwa kwenye chaja haihitaji ethi, wala haivuti radi kama wengi wanavyodhani.

Umuhimu wake unaonekana wazi mahali kama Kifungilo, karibu na Lushoto katika Milima ya Usambara, ambako ardhi ni ya miteremko na waya wa nguzoni huvuka mabonde. Radi si lazima ipige waya wenyewe. Ikipiga karibu tu, waya mrefu hupata volti maelfu kwa muda mfupi sana.

Simu huongea hata bila ethi

Simu ya mezani hutumia nyaya mbili. Kituo cha simu hutoa mkondo mnyoofu wa takriban volti 48, unaokwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1838 Carl August von Steinheil wa Munich alionyesha kwamba telegrafu inaweza kufanya kazi kwa waya mmoja, ardhi ikiwa njia ya kurudia, na simu za kwanza zilifuata mtindo huo. Zilikuwa na kelele nyingi, hasa taa za umeme na tramu zilipoenea mijini, ndipo waya wa pili ukaongezwa.

Kwa sababu ya waya huo wa pili, ethi ya nyumbani ikikatika simu huendelea kulia na kuongea vizuri. Hitilafu haina dalili. Zamani ilikuwa kawaida kufunga waya wa ethi kwenye bomba la maji la chuma lililozikwa. Bomba hilo likibadilishwa na la plastiki, ethi imekufa siku hiyohiyo, na mwenye nyumba hana habari.

Kikinga chenyewe ni mrija mdogo wenye gesi. Vya zamani vilikuwa na vipande vya kaboni. Kwa volti za kawaida, pamoja na zile za kulisha kengele, hakipitishi kitu. Volti zikifika mia kadhaa, gesi hufungua njia kuelekea ethi. Kikinga kisicho na ethi ni kisanduku tu ukutani.

Ethi mbili zisizounganishwa

Kosa kubwa kuliko yote ni kuipa simu fimbo yake ya ethi na kuiacha bila kuiunganisha na ethi ya umeme wa nyumba. Katika nyumba za mitelemkoni kosa hili ni rahisi kutokea, kwa kuwa umeme unaweza kuingia upande wa juu na simu upande wa chini. Tuseme ampea 1,000 za radi zinashuka kwenye fimbo ya simu yenye ukinzani wa ohm 40. Volti zake hupanda hadi 40,000, wakati ethi ya umeme imebaki karibu na sifuri. Tofauti hiyo hutafuta njia, na njia iliyo karibu ni modemu au simu isiyo na waya iliyochomekwa pande zote mbili, au mtu aliyeshika mkono wa simu huku akigusa jiko la umeme.

Ethi mbili zikiunganishwa kwa waya mnene wa shaba, kila kitu ndani ya nyumba hupanda volti kwa pamoja, kama ndege aliyetua kwenye waya mmoja wa umeme asivyodhurika. Ndiyo maana kuziunganisha ni muhimu kuliko kuhangaikia ohm chache.

Waya wa ethi uwe mfupi na usiokunjwakunjwa. Radi hubadilika kwa kasi sana, hivyo hata mita moja ya waya mnene huweza kubeba tofauti ya volti 1,000 au zaidi.

Udongo wa milimani

Usambara ni milima ya miamba ya kale sana, na mahali pengi mwamba hauko mbali. Fimbo ya mita 2.4 yenye unene wa milimita 16, katika udongo wenye ukinzani wa ohm-mita 100, hutoa takriban ohm 40. Katika udongo mkavu au wa mawe wa ohm-mita 1,000, fimbo hiyohiyo hutoa ohm 400. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa wakati wa masika hakitoshi. Kichukuliwe tena kiangazi.

Fimbo isipozama, huzikwa waya wa shaba mtupu katika mtaro wa kina cha nusu mita au zaidi, ukifuata kontua kama kingamaji, kuelekea penye unyevu. Mafundi wengi hutia chumvi na mkaa kuzunguka fimbo. Mkaa husaidia kutunza unyevu. Chumvi hupunguza ukinzani kwa muda, kisha mvua huisafirisha, nayo huharakisha kutu ya fimbo.

Nchini Tanzania kazi ya upande wa mita ya umeme hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA. Hata ethi iliyo nzuri haizuii kila kitu: wakati wa ngurumo simu ya waya isitumike, na modemu ichomolewe upande wa umeme na upande wa simu pia. Nyaya za nyuzi za kioo hazipitishi umeme, lakini baadhi yake zina waya wa chuma wa kuzishikilia nguzoni, na chuma hicho hufungwa kwenye ethi kabla ya kuingia ndani.