Mti umepandwa. Nani ataulea?

Bila shaka umewahi kuona hili. Gari la kampuni linafika shuleni, wafanyakazi wameshuka na fulana za aina moja, mashimo yanachimbwa, miche inapandwa, picha zinapigwa, halafu hao! Wameondoka. Kiangazi kikiisha, nenda pale uangalie. Vijiti vikavu. Je, hapo tumepanda miti au tumepiga picha tu?

Kwa sisi wa Ifakara swali hili si la mzaha. Mto Kilombero peke yake huuletea Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Ndiyo maana mwaka 2002 bonde letu liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Miti ya kingoni ikikatwa, mvua huzoa udongo, mto hujaa mchanga na maji hutafuta njia nyingine. Mto Lumemo ukifurika, maji huingia vyooni, kisha visimani. Kinachofuata unakijua: kuhara, hata kipindupindu.

Je, mti wowote unafaa?

Hapana. Mitiki, ambayo kampuni ilianza kuipanda bondeni humu miaka ya 1990, asili yake ni Asia. Ni zao zuri la mbao, lakini kiangazi hupukutisha majani yote. Mkaratusi nao hunywa maji mengi mno. Ukingoni panda miti ya kwetu, kama mkuyu na mkangazi. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo shamba la mpunga halifai kugusa maji.

Wageni wakija, mfanye nini?

Msikatae msaada, ila ulizeni mapema: Ni miche gani? Mvua zimeshakolea? Nani atamwagilia Julai hadi Oktoba? Mbuzi watazuiwa na nini? Gawaneni, kila mwanafunzi na mche wake. Wakati wa likizo, wanaokaa jirani wapokee zamu.

Jambo la mwisho: okoteni viriba na makopo yote. Yakikusanya maji ya mvua, mbu watazaliana humo. Itakuwa aibu kupanda mti huku tunafuga mbu!

Mgeni hupanda kwa siku moja. Wewe upo hapa miaka minne. Kazi kwako.