Usinunue jiko kwa sura, zungusha swichi kwanza!

Wiki hii tuwape mapumziko wapenzi waliogombana, twende jikoni. Na wewe kaka usigeuze ukurasa, maana siku hizi hata geto la msela lina jiko la gesi la pleti mbili.

Huwa nawaangalia watu wanavyonunua majiko pale Kariakoo. Mtu anatazama kioo kinavyong'aa, anachagua rangi, anabembeleza bei, kisha huyooo, anapanda bajaji. Swichi hata hajaigusa! Nasema kile kidude cha kuzungusha, cha kuwashia na kupunguzia moto. Bwana wee, hicho ndicho mlinzi wa geti. Kikizembea, gesi inatoka bila kuaga.

Mlinzi huyu ana kazi mbili. Ya kwanza, asifungue mpaka mwenye nyumba aseme. Ndiyo maana swichi nzuri inakutaka uibonyeze kwanza, halafu ndiyo uizungushe. Ndani kuna springi inayoirudisha. Mtoto anayechezea au kanga iliyonasa, kufanya yote mawili kwa mpigo si rahisi. Tena kwenye majiko mengi ya gesi, ukitoka kwenye kuzima unakutana na moto mkubwa kwanza, mdogo uko mwisho kabisa. Hawakukosea. Ukipunguza moto wa maharage, swichi inagota mwisho, huwezi kupitiliza ukauzima.

Kazi ya pili ni kuzuia majimaji. Uji umefurika, chai ya maziwa imepanda, vyote vinatafuta kitundu ambamo kijiti cha swichi kinapita. Kwenye jiko la gesi, sukari na wanga vikikauka humo vinakuwa gundi. Unabonyeza, swichi hairudi. Kwenye jiko la umeme ndiyo balaa zaidi, maana nyuma ya swichi kuna umeme wa volti 230, na maji ya chumvi yanaupitisha vizuri sana.

Waundaji wenye akili wanafanya hivi: swichi inapewa ukingo mpana unaofunika kitundu kama mwavuli. Kitundu chenyewe kinainuliwa kidogo ili mchuzi upite pembeni. Halafu kijiti kinavalishwa pete ya mpira inayokibana. Mambo matatu madogo, kazi kubwa.

Sasa swichi ikae wapi? Hapo kuna mvutano. Ikiwa juu, karibu na sufuria, inamwagikiwa. Ikiwa mbele, mchuzi unaikwepa lakini mtoto anaifikia, na tumbo la mpishi pia! Unadhani nakuza mambo? Agosti 2024 kule Marekani, Samsung ilitangaza marekebisho ya majiko ya umeme zaidi ya milioni 1.1, kwa sababu swichi zake za mbele ziliweza kuwashwa kwa kuguswa kwa bahati mbaya na watu au wanyama wa nyumbani. Majiko hayo yalihusishwa na matukio ya moto yapatayo 250 na majeruhi kama 40. Dawa yake? Wateja walipewa bure vifungio au vifuniko vya swichi. Basi!

Kuna ugonjwa mwingine tunaoujua sana uswahilini. Kile kijiti cha chuma mara nyingi ni cha duara lakini kimekatwa bapa upande mmoja, na tundu la swichi lina umbo hilo hilo ili vishikane. Plastiki ikipata joto miaka na miaka, inapasuka. Swichi inazunguka yenyewe, kijiti kimetulia tuli. Alama inasema umezima, kumbe gesi iko wazi! Wengine wanang'oa swichi na kuzungusha kwa plaizi. Jamani, plaizi haina alama ya kuzima. Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni, kule kule ulikotandika godoro.

Kwa hiyo ukienda dukani, jaribu kuzungusha bila kubonyeza. Ikikubali, mshukuru muuzaji uondoke. Bonyeza, achia, uone inarudi haraka au inasinzia. Mwombe aichomoe, uchungulie ukingo na pete ya mpira. Kwa vifaa vya umeme, soma kibandiko cha nyuma. Ukikuta IPX4, maana yake kimepimwa kwa maji yanayorushwa kutoka kila upande. Hiyo haimaanishi ukizamishe kwenye beseni!

Nyumbani, uji ukimwagika, funga mtungi, acha jiko lipoe, chomoa swichi, futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, rudisha. Usimwagie maji kama unaosha baiskeli. Swichi ikipasuka, mpelekee fundi akutafutie inayoingia sawasawa kwenye kijiti chako, isiyochezacheza.

Na kabla ya kulala, funga gesi pale kwenye mtungi wenyewe. Mlinzi wa geti hata awe hodari vipi, usiku kucha mpe mwenzake.

Tukutane wiki ijayo, tukijaaliwa. Wapenzi waliogombana watakuwa wameshapatana, au wameshaachana kabisa!