Jedwali la Marudio na Mchoro wa Nukta katika Kuhesabu Silabi

Mchunguzi wa lugha ahesabuye silabi, viambishi au maneno hujikuta upesi mbele ya orodha ndefu ya tarakimu isiyoonyesha jambo lolote. Njia mbili nyepesi za kuipanga ni jedwali la marudio na mchoro wa nukta. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kitu kimoja chenye sura mbili. Walakini kila moja huhifadhi jambo ambalo nyingine hulipoteza.

Mfano na uwe majina ya mikoa 26 ya Tanzania Bara, kama ilivyokuwa baada ya Songwe kuundwa mwaka 2016. Yakifuatwa kwa alfabeti, hesabu ya silabi huanza hivi: Arusha 3, Dar es Salaam 5, Dodoma 3, Geita 3, na kuendelea hadi Tanga 2. Mhesabuji huandika thamani kwa safu, ndogo kwanza, na kwa kila jina huchora kijiti kimoja mbele ya thamani yake. Kijiti cha tano hukata vile vinne, ili hesabu ya mwisho iende kwa tanotano. Vijiti vikigeuzwa tarakimu, jedwali huwa hili:

Silabi | Marudio | Asilimia
2 | 9 | 34.6
3 | 14 | 53.8
4 | 1 | 3.8
5 | 2 | 7.7
Jumla | 26 | 99.9

Asilimia hazikufika 100 kwa kuwa kila moja imekadiriwa. Si kosa, wala haifai kuzilazimisha.

Katika mchoro, kila jina ni nukta moja. Kwa desturi nukta hupandana juu ya mstari uliogawanywa sawasawa; hapa mchoro umelazwa ubavu:

2 ● ● ● ● ● ● ● ● ●
3 ● ● ● ● ● ● ● ● ● ● ● ● ● ●
4 ●
5 ● ●

Jicho huona mara moja kundi la 2 na 3, kisha mkia mwembamba. Lau Morogoro isingekuwamo, nafasi ya 4 ingebaki tupu, na utupu huo ni habari. Katika jedwali, mwandishi mzembe huiacha safu isiyo na marudio, na msomaji asijue kuwa palikuwa na pengo.

Lakini faida kubwa ya nukta ni kwamba kila moja ina jina lake, na jina laweza kubishaniwa. Mtwara imehesabiwa 3, kwa kuwa m yake ni silabi kamili: M-twa-ra. Mbeya imehesabiwa 2, kwa kuwa m yake hutamkwa pamoja na b: Mbe-ya. Ndivyo na Njombe. Watunzi wa tenzi wanaijua vema tofauti hii, maana mshororo wa mizani 8 huharibika mara moja m ikihesabiwa visivyo. Mtu akifuata maandishi tu, akaipa silabi yake kila m au n iliyotangulia konsonanti mwanzoni mwa neno, nukta mbili zitahama: marudio yatakuwa 7 na 16 badala ya 9 na 14, na wastani utapanda kutoka 2.85 hadi 2.92. Jumla ya 26 haitabadilika, kwa hiyo jedwali peke yake halitamshtua mtu.

Dar es Salaam ina taabu zaidi. Ikitamkwa Daresalama, silabi ni 5. Ikitamkwa karibu na Kiarabu, bila irabu ya mwisho, ni 4. Humu imechukuliwa 5. Atakayechagua 4 atakuta thamani hizo mbili zimebadilishana marudio, na wastani umeshuka hadi 2.81. Thamani ya katikati, yaani 3, haiguswi na lolote kati ya mabadiliko haya. Basi mwenye shaka juu ya kanuni yake ya kuhesabu aitaje hiyo kabla ya wastani, na kanuni yenyewe aiandike juu ya jedwali.