Umeme Uliojificha Ndani ya Redio

Redio ikikwaruza uzungushapo kitufe cha sauti, mara nyingi si mbovu: vumbi na uchafu vimeingia mahali sehemu zake zigusanapo, navyo huzuia umeme kupita vema. Fundi mwenye busara hung'oa kwanza waya ukutani. Lakini hagusi upesi, kwa maana ndani mna kapasita, mfano wa mtungi uwekao akiba ya umeme. Akiba hiyo yaweza kumwua mtu, ijapokuwa waya umekwisha ng'olewa. Basi huitoa polepole, akapima kwa mita. Ndipo hunyunyiza dawa iliyofanywa kwa kazi hiyo, akaiacha ikauke. Hatumii maji, wala msasa ukwanguao utando mwembamba.

Nawe, usifungue redio. Ng'oa waya, uzungushe kitufe mara 20. Huenda mkwaruzo ukakoma.