Kifungo cha shati, mwezi na binti zetu

Juzi baada ya swala ya Isha, binti yangu wa darasa la nane alifunga daftari lake la hesabu hapa barazani kwetu Mtongwe, Likoni. "Baba, huu uwiano umenishinda. Na mwalimu alisema hesabu si za wasichana."

Sikumgombeza. Mwezi ulikuwa wa kumi na nne, umechomoza juu ya minazi. Nilichukua kifungo cha shati chenye upana wa sentimita 1, nikakibana kwenye ncha ya kijiti. Nikamwambia afumbe jicho moja, arudi nyuma mpaka kifungo kiufunike mwezi barabara. Tukapima kwa futi ya mamake ya kushonea: kama sentimita 110. Tukajaribu kifuniko cha sentimita 2, ikawa kama 220. Upana ukiongezeka mara mbili, umbali nao mara mbili. Huo ndio uwiano: 1 kwa 110.

Mwezi nao una uwiano uo huo. Uko umbali wa kilomita 384,000 hivi. Gawanya kwa 110, utapata kama 3,490. Upana wake halisi ni kilomita 3,474. Mtoto ameupima mwezi kwa kifungo! (Jua msilijaribie, huharibu macho.)

Na hilo la "si za wasichana"? Katika karne ya 10, Ibn al-Nadim alimtaja al-Ijliyya miongoni mwa mafundi wa asturlabu, chombo cha kupimia nyota. Alikuwa mwanamke, akifanya kazi kwa Sayf al-Dawla, mtawala wa Halab.

Hapa pwani kwetu, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Msimamizi wa mradi huo katika NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Kwa kuwa ilirushwa siku Kenya inaadhimisha uhuru wake, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Na leo Mkenya mwenzetu, Susan Murabana, huwapelekea wanafunzi darubini waione mbingu wenyewe.

Wazazi wenzangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, mtoto akiambiwa hawezi, hufunga daftari. Kulifungua ni kazi yetu, na kifungo hakinunuliwi.

Kesho yake binti yangu alifanya maswali yote sita. Mawili alikosa. Akayarudia.