Wanawake wa Barnbow: Vifo Vilivyofichwa

Tukisoma habari za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia tunasikia sana majina ya majemadari. Ni mara chache tunaambiwa nani walijaza baruti katika makombora yaliyopigwa kule Ufaransa. Kwa upande wa Uingereza, wengi wao walikuwa wanawake.

Mwaka 1915 jeshi la Uingereza lilipungukiwa na makombora. Serikali ikajenga viwanda vipya, kimojawapo kikiwa Barnbow, karibu na mji wa Leeds. Mwishoni mwa 1916 kilikuwa na wafanyakazi wapatao 16,000, na katika kila mia, 93 walikuwa wanawake na wasichana. Wanaume walikuwa vitani, na watoto nyumbani walihitaji kula. Basi akina mama walipanda garimoshi, wakafanya kazi kwa zamu tatu, usiku na mchana.

Kazi ya hatari

Kabla ya kuingia, kila mmoja alivua nguo zake na kuvaa joho na kofia ya kiwandani. Pini za nywele, viberiti na sigara vilikatazwa kabisa, maana cheche moja tu ingetosha kuleta maafa. Tena baruti ile ina sumu. Iligeuza ngozi na nywele kuwa za manjano, hata watu wakawaita wanawake hao "kanari", jina la ndege wa rangi hiyo. Walipewa maziwa wanywe, na kiwanda kilifuga ng'ombe wake chenyewe.

Usiku wa Desemba 5

Tarehe 5 Desemba 1916, baada ya saa nne usiku, zamu mpya ilikuwa imeanza tu. Katika chumba namba 42, viwashio vilikuwa vikikazwa kwenye makombora kwa mashine. Ghafla kombora moja likalipuka. Wanawake 35 walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa. Baadhi ya maiti zilitambuliwa kwa vibati vya shingoni tu. Hata hivyo, muda si mrefu wenzao walijitolea kuingia chumba kilekile kuendelea na kazi.

Serikali haikutaka adui ajue, wala watu wavunjike moyo. Magazeti yakanyamazishwa. Matangazo ya vifo yalisema tu kwamba marehemu alikufa kwa ajali. Fikiria mama aliyemzika binti yake bila kuruhusiwa kueleza yaliyompata! Ukweli ulitangazwa hadharani mwaka 1924, vita vikiwa vimekwisha miaka sita.

Mwaka 1925, katika kanisa kuu la York, dirisha liitwalo la Dada Watano liliwekwa wakfu kuwa ukumbusho wa wanawake waliokufa kwa sababu ya vita hivyo. Majina yao yameandikwa hapo juu ya mbao za mwaloni.

Akina mama, katika kila ukoo wako wanawake waliobeba mzigo mzito bila kutajwa. Kabla bibi hajaondoka, kaa naye, muulize, na uwasimulie watoto.