Askari na Sanaa: Udongo wa Luzira Watufundisha Nini?

Katika kambi na vituo vingi imezoeleka kusikia ya kwamba kuchora, kuchonga na kufinyanga ni mambo ya wasomi na ya watu wasio na kazi nzito. Askari, husemwa, ana silaha yake, zamu yake na jamaa yake wa kulisha. Basi ana haja gani na vinyago na vyungu? Hoja hii yafaa ichunguzwe vizuri, kwa sababu kazi ya udongo iliyo mashuhuri kuliko zote zilizopata kuonekana nchini Uganda haikugunduliwa na msomi yeyote. Iligunduliwa na wafungwa.

Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba katika kilima cha gereza la Luzira, karibu na Kampala, walikuta ardhini vipande vya sanamu za udongo uliochomwa. Miongoni mwake kilikuwamo kichwa cha binadamu, chenye macho yaliyotokeza na shingo yenye mapete. Mwaka 1931 kichwa hicho kilipelekwa London katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, nako ndiko kiliko hata leo. Wataalamu wamekiandikia makala nyingi. Lakini kabla ya mtaalamu wa kwanza kushika kalamu, ilibidi mtu mwenye jasho usoni asimamishe sululu yake, ainame, aone kwamba kilicho mbele yake si kigae cha kutupwa. Laiti vipande vile vingalirudishwa shimoni pamoja na kifusi, historia yetu ingalikosa sura hiyo milele.

Hapo ndipo penye fundisho letu la kwanza. Kufurahia sanaa hakuanzi na cheti. Kunaanza na jicho linalokubali kusimama. Na ni nani aliyefunzwa kutazama kuliko askari? Polisi huusoma unyayo kwenye vumbi, huona dirisha lililoguswa, hutambua uso katika umati. Mwanajeshi hutofautisha kichaka cha jana na kichaka kilichohamishwa usiku. Jicho hilo hilo, likiondolewa hofu ya adui, ndilo analolihitaji mtu aingiapo katika jumba la makumbusho.

Tena makumbusho na askari si wageni. Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908, lilianzia ndani ya ngome ya kijeshi, yaani ngome ya Lugard juu ya kilima cha Kampala ya Kale. Wakati ule raia waliliita kwa Kiganda nyumba ya mayembe, maana yake nyumba ya mahirizi, kwa kuwa vitu vya waganga vilikuwa vimewekwa humo. Mwaka 1954 makumbusho yalihamia katika jengo lake la sasa katika kilima cha Kitante. Mgeni hukuta humo vyungu, silaha za kale, zana za kuhunzia chuma, na ngoma na vinanda vya makabila mbalimbali.

Mgeni wa mara ya kwanza aghalabu hukosea kwa kutaka kuona vyote kwa saa moja. Hutoka amechoka, wala hakumbuki kitu. Afadhali achague kitu kimoja, tuseme chungu cha maji, akikabili kwa muda wa dakika kumi. Kwanza asisome maandishi yaliyobandikwa. Akizunguke. Atazame mahali tumbo la chungu linapoanza kuwa shingo, na ajiulize mkono ulipita wapi. Katika vyungu vingi vya Uganda ataona mistari midogo iliyopangana kama mfumo wa mkeka. Hiyo ni alama ya kamba ya majani iliyosukwa, ambayo mfinyanzi aliiviringisha juu ya udongo mbichi. Je, ni pambo tu? La, huzuia pia chungu kilicholowa kisimteleze mchukuzi. Mwisho asome maandishi, alinganishe na aliyoyaona mwenyewe. Hivyo ndivyo upelelezi ufanyikavyo, nako ndiko kutazama sanaa.

Wengine watasema: vyungu twavielewa, ila sanaa ya kisasa inatushinda, kwa kuwa haifanani na kitu. Malalamiko hayo ni ya kweli na yanastahili jibu. Shule ya sanaa ya Makerere ilianzishwa mwaka 1937 na Margaret Trowell, na mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba, mzaliwa wa magharibi ya Kenya. Maloba ndiye aliyeitengeneza sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa katikati ya Kampala mwaka 1962. Askari wangapi wamepita mbele yake wakienda zamu bila kuinua macho? Ni umbo la mtu aliyefungwa nguo kama vitambaa kuuzunguka mwili wake, tangu miguuni, naye amemwinua mtoto juu kwa mikono miwili. Hakuna mtu wa kweli aliye mrefu na mnyofu namna ile. Lakini fundi hakutaka kutuonyesha mtu mmoja mwenye jina. Alitaka tuone jambo: mzazi angali na vifungo, bali mtoto yu huru. Picha ya kitambulisho hufanana na mwenyewe, wala haiwezi kusema hayo.

Mfano wa pili unawagusa askari kwa karibu zaidi. Katika maktaba kuu ya Makerere kuna sanamu kubwa ya mti, kazi ya Francis Nnaggenda ya miaka ya 1980, iitwayo Majeruhi wa Vita. Mwili wake umepungukiwa viungo, kuni na gogo vyaonekana wazi ndani ya nyama yake, na hata hivyo umesimama. Raia aitazamapo huona habari aliyosimuliwa. Askari huona zaidi, kwani huenda alimbeba mwenzake begani katika hali hiyo, au yeye mwenyewe anatembea kwa mguu wa bandia. Sanamu hiyo haimsifu mshindi wala haimtukani aliyeshindwa. Humweka mbele yetu mtu aliyelipa gharama, ikatuacha tunyamaze. Yapo mambo ambayo ripoti ya kituo haina safu ya kuyaandika. Hayo ndiyo sanaa huyachukua.

Baada ya kutazama, kufanya. Hapa turudi kwenye udongo, kwa sababu ndio mlango ulio rahisi kuingia: haununuliwi kwa bei kubwa. Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza mwaka 1971. Baadaye alisafiri hadi Abuja, Nijeria, ambako alijifunza kufinyanga kwa mkono katika karakana alimokuwamo mfinyanzi mashuhuri Ladi Kwali. Kujifunza kwa mama wa Kiafrika kulimpa Odundo njia aliyoifuata maisha yake yote. Hatumii gurudumu la mfinyanzi. Huinua chombo kwa mkono, hukisugua hadi king'ae, wala hakipaki rangi ya kioo. Vyombo vyake leo vimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, jumba lile lile kilimo kichwa cha Luzira.

Siri ya rangi zake ni moto. Udongo una chuma ndani yake. Ukichomwa mahali penye hewa ya kutosha, chuma hicho hutoa rangi nyekundu. Ukichomwa tena mahali palipozibwa, moshi ukakosa pa kutokea, chombo kile kile huwa cheusi. Bibi zetu wa vijijini, waliofunika vyungu vyao kwa majani na mavi ya ng'ombe, waliijua elimu hiyo kabla haijaandikwa.

Askari apendaye kujaribu na afuate utaratibu. Achimbe udongo wa mfinyanzi kwenye bonde, aukaushe, autwange, auloweke na kuuchuja mawe. Achanganye na vigae vya zamani vilivyosagwa, ili chombo kisipasuke. Aukande sana, kwa kuwa tundu la hewa na unyevu ni adui wawili wa mfinyanzi. Afanye tonge, alitoboe kwa kidole gumba, kisha aongeze kamba za udongo moja juu ya nyingine, akiziunga kwa kidole kilicholowa. Chombo kikae kivulini siku nyingi, kwa maana jua kali hukausha nje kabla ya ndani. Kabla hakijakauka kabisa, kisuguliwe kwa jiwe laini la mtoni. Siku ya kuchoma, moto uanze mdogo. Maji yaliyobaki yakigeuka mvuke ghafula, chungu hulia kama risasi na kazi yote huwa vigae. Moto ukishapita nyuzi 600 hivi, udongo hauwezi tena kurudi kuwa tope.

Chungu cha kwanza kitapinda, na cha pili huenda kikapasuka. Hilo lisimvunje moyo mtu aliyejifunza kulenga shabaha kwa kukosa mara nyingi. Mikono iliyozoea chuma hujifunza hapo nguvu ya namna nyingine, nguvu isiyobana. Wengi waliotoka vitani hawana maneno ya kuyasimulia waliyoyaona; tonge la udongo haliwadai maneno.

Lipo na jukumu. Askari huchimba mahandaki, hujenga kambi, hulinda barabara zinazofunguliwa. Sululu ikigonga kigae chenye pambo au uso wa udongo, asimame, asikifute wala asikichukue nyumbani, bali amjulishe mkuu wake ili wataalamu waitwe. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Kilichovunjwa asubuhi kwa haraka hakifinyangwi tena jioni.